Maswali yenu kuhusu meli za kitalii

Niliandika mistari michache tu juu ya meli kubwa za kitalii, na maswali yakamiminika kutoka Arusha na Moshi, huku kwetu ambako bahari huioni mpaka upande basi la Tanga. Nimefurahi mno. Nimechagua manne.

Shikamoo mwalimu. Nimesikia meli ya kitalii ya Icon of the Seas ina tani 248,663. Kitu kizito hivyo kinaeleaje? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Sakina)

Marahaba, mwanangu. Namba hiyo inawachanganya hata watu wazima, kwa sababu haipimi uzito. Inapima nafasi iliyofungwa ndani ya meli: vyumba, kumbi, injini, kila kitu. Uzito wenyewe ni mdogo zaidi. Meli hiyo ina urefu wa kama mita 365, yaani viwanja vitatu na nusu vya mpira kama cha Sheikh Amri Abeid, vikifuatana. Sehemu kubwa ya mwili huo ni hewa. Litupe bamba la chuma Ziwa Duluti, litazama. Likunje liwe kama sufuria, litaelea, kwa kuwa sasa linasukuma maji mengi yenye uzito sawa na wake.

Icon of the Seas ina sitaha 20, kama ghorofa. Kwa nini upepo hauipindui? Mimi sipandi! (Mama lishe, Kiboriloni)

Dada yangu, hofu yako naiheshimu. Nchi iliyozika watu wa MV Bukoba Mei 1996 ina haki ya kuuliza hivi.

Siri iko chini, usipopaona. Injini, matangi ya mafuta, maji na farumi (mzigo wa kuituliza meli) vyote huwekwa karibu na mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa meli. Sitaha za juu mara nyingi hujengwa kwa alumini, ambayo ni nyepesi kuliko chuma. Halafu meli ni pana: ikilala upande mmoja, ubavu uliozama zaidi unasukumwa juu na maji, nayo inanyanyuka. Ndiyo maana sehemu iliyo ndani ya maji inaweza kuwa mita 9 hivi tu na bado meli ikasimama.

Lakini mbunifu hawezi kushindilia uzito chini bila kikomo. Meli yenye uzito mwingi mno chini hujirudi kwa kishindo, abiria wakatapika na vyombo vikavunjika. Anatafuta kati na kati: irudi, ila irudi taratibu. Mbavuni huongezwa mapezi yanayochomoza chini ya maji ili kupunguza mrama, yaani kuyumba ubavu hadi ubavu. Maji ya bwawa la kuogelea lililo juu nayo yanahesabiwa kwa makini, maana maji yanayohama upande huongeza kulala kwa meli.

Na hawaamini karatasi peke yake. Meli inapokaribia kukamilika, vitu vya uzito unaojulikana huhamishwa kutoka ubavu hadi ubavu, ikapimwa imelala nyuzi ngapi. Hapo ndipo wanajua kwa hakika kitovu cha uzito wake kiko wapi.

Mnaungaje chuma kirefu hivyo? (Fundi wa kuchomelea, Unga Limited)

Vipande vipande, fundi mwenzangu. Hujengwa vipande vikubwa, vingi vikiwa vimepinduliwa juu chini, ili fundi achomelee akiinama badala ya kuinua uso na kunyeshewa cheche. Wewe unaijua tofauti hiyo shingoni! Mabomba na nyaya huingizwa mapema. Kisha winchi inabeba kipande cha mamia ya tani na kukishusha ndani ya chelezo, yaani shimo kavu la kuundia meli, na maungio muhimu hupimwa kwa eksirei au mawimbi ya sauti. Vyumba vya abiria huja vimekamilika, na choo na kioo chake, vikasukumwa ndani kama droo. Mwisho chelezo hujazwa maji, meli ikaelea yenyewe.

Lazima kiwanda cha meli kiwe baharini? (Mstaafu wa reli, Moshi)

Hapana, mzee wangu. Meyer Werft, mojawapo ya viwanda vikubwa vya meli za kitalii, kiko Papenburg, Ujerumani, kando ya mto Ems. Kutoka hapo hadi baharini ni mbali kuliko Moshi hadi Boma Ng'ombe. Meli mpya hushuka mto huo mwembamba ikitanguliza tezi, yaani sehemu yake ya nyuma.

Na kiwanda hichohicho ndicho kilichounda MV Liemba yetu mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa, ikapakiwa katika makasha kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa upya huko na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi Ziwa Tanganyika kwa jina tunalolijua.