Re: Misemo ya watu wa Faroe

Mkuu umeuliza kama watu wa Faroe, vile visiwa vya Atlantiki ya Kaskazini, nao wana misemo ya maisha ya kila siku, ipo bana. Maarufu ni "Ull er Føroya gull", yaani sufu ndo dhahabu ya Faroe, na kweli maana kule kondoo ni wengi kuliko watu na zamani soksi na masweta ya sufu ndo walikuwa wanauza nje. Alafu wana kibanda kinaitwa hjallur, mbao zimeachiwa nafasi upepo wa bahari upite, nyama ya kondoo inaning'inizwa humo miezi mpaka inakauka, chumvi hawaweki kabisa! Harufu yake sasa, ukizoea nyama choma utakimbia. Na tarehe 12 Machi wanasherehekea tjaldur, ndege wao wa taifa anayehama wakati wa baridi, kurudi visiwani.