Kabla Hujanunua Kuku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na babako. Unauliza uanze na kuchi, wale kuku wa asili wa huku kwetu Amu, au uchukue vifaranga wa kienyeji walioboreshwa, wale wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ambao jirani yako hapo Malindi anawasifu kwa mayai. Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, ni nani atakayewatazama kila alfajiri banda likifunguliwa? Wajua ninavyosema siku zote: kuku ni jicho. Chakula mtu yeyote atawapa. Jicho ndilo adimu.

Tulipoanza kufuga pale uani Langoni ulikuwa mdogo, ila yule mtetea wa madoa sidhani kama umemsahau. Yai lake la kwanza alilitaga ndani ya pakacha kuukuu nyuma ya mtungi, nawe uliporudi chuoni ukalikuta bado lina joto. Ulilibeba kwa viganja viwili, hukutaka hata nduguyo aliguse. Yeye alitaka likaangwe. Bibi yako, Mungu amrehemu, akalitia alama kwa mkaa akalirudisha pakachani ili kuku asipahame pale. Akasema mengine yatakuja, hayo ndiyo mtakayokula. Yakaja. Kuku akaatamia, siku 21 zikatimia, na asubuhi ile tulisikia milio ndani ya maganda kabla hatujaona kitu. Ulijilaza chini kifudifudi, sikio umelitega kwenye pakacha, chai ikapoa hukuijali. Furaha iliyokuwamo nyumbani siku ile mimi sijaiona hata harusini.

Basi tukawa tunawalisha chicha la nazi na pumba, kunguru tunawafukuza kwa zamu. Mambo yakaenda.

Ikaja Idi. Ami yako akatuletea majogoo wawili, kawanunua sokoni huko bara, akavuka nao kutoka Mokowe. Wekundu, mikia imejaa, wanapendeza. Mmoja alikuwa akisinziasinzia. Bibi yako akamtazama, akasema, "Huyu ama safari imemchosha ama ana lake. Mtengeni." Ami yako akaona zawadi yake inakataliwa. Kwa kumstahi, wakatiwa bandani pamoja na wetu.

Roho bado inaniuma. Hazikupita siku nyingi kuku wakazubaa, mbawa zimewashuka, kinyesi kijani. Jogoo wetu, aliyekuwa akiamsha mtaa mzima, akapinda shingo mpaka kichwa kikageukia mgongoni. Alikuwa akiiona punje ya mtama mbele yake, akidonoa mdomo unakwenda pembeni, anajaribu tena, unakwenda pembeni tena. Wewe ukimtilia maji kwa kijiko, mpaka babako akaja kukuinua ukilia. Daktari wa mifugo alipofika akasema ni kideri, ndio huo wanaouita Newcastle. Ni virusi, ukishaingia hauna dawa. Kilichopo ni chanjo, nayo hupewa kuku akiwa mzima. Tukachimba shimo refu tukawazika. Mtetea wa madoa naye akaenda, na vifaranga wake wote.

Simlaumu ami yako. Alileta kwa moyo safi. Na pengine kideri kilikuwa mtaani tayari, kuku wa watu walikuwa wakiingia uani na kutoka, na chanjo zama hizo kwetu hata hatukuwa tumeisikia. Lakini bibi yako aliona! Aliona na akasema, na mtu mzima akisema husikizwa. Basi, niliache, huyo ni nduguye babako na nyumba hii tumeijenga kwa mkono wake. Ila mpaka leo nikiletewa jogoo mwekundu namrudisha.

Kwa hiyo usianze na swali la aina gani. Tafuta kwanza chanjo ya kideri ipatikane wapi hapo Malindi, na uwe ukiirudia kila baada ya miezi 3, au kama daktari atakavyokuelekeza. Iko ya kudondoshea jichoni, tone moja kwa kila kuku. Chupa moja huwa ya kuku mia na zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi, kwa hivyo semezana na majirani mchanje siku moja. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, joto huiua. Na kuku mgeni akae peke yake wiki 2 kwa uchache. Hata akiletwa na mimi. Hata iwe ni Idi. Uwahudumie wako kwanza, mgeni baadaye, na mikono unawe.

Ama hao walioboreshwa, mayai watakupa, sibishani na jirani yako. Lakini kuatamia wengi wao hawataki, kwa hiyo kila ukihitaji vifaranga utarudi kununua au utafute mashine ya kutotolesha. Na kifaranga wa siku moja wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, usiku na mchana. Mumeo yuko baharini, wewe hutoka kazini magharibi, jiko la makaa litaangaliwa na nani? Kuchi mayai yake ni machache, hilo ni kweli, na si haki nikufiche. Lakini ana mwili, na koo wake, yaani kuku mama, hulala juu ya mayai yake mwenyewe, akazunguka na wanawe kutwa, mwewe akipita juu amewafunika. Kuku ni jicho, mwanangu, na koo anayelea ni jicho jingine umepewa bure.

Lakini sisemi. Sitaki kesho useme mama ndiye aliyeniamulia. Banda ni lako, pesa ni zako, na babako anasema nikuache uchague.

Yule koo wangu mkubwa wa kuchi ameanza kuatamia juzi. Nijibu kabla ya Ijumaa kama nikuwekee vifaranga, maana jirani amekwisha kuniomba na sitaki kumwitikia kabla yako.

Mamako