Mimi nipelekeni darasa la viazi

Swali lenu la wiki hii nimelipenda: ukipewa siku moja tu ukakae darasani kwenye shule yoyote ya zamani, ungechagua ipi? Najua wengi watataja vyuo vyenye majina makubwa. Mimi nipelekeni Waterford, jimbo la New York, mwaka 1820 hivi, kwenye shule ya wasichana ya mama mmoja anaitwa Emma Willard. Shule bado ipo, 1821 ilihamia mji wa jirani wa Troy na siku hizi ina jina lake, ni shule binafsi na ada yake si ya mchezo. Nitarudi kwenye hilo la kuwa shule binafsi maana ndo linanichekesha.

Huyu mama kazaliwa 1787, mtoto wa 16 kati ya 17 wa baba yake. Akaolewa na daktari aliyemzidi karibu miaka 30, mambo ya benki yakamwendea mrama yule mzee, basi 1814 mke akafungua shule ya wasichana humo humo nyumbani, Middlebury, Vermont, ili hela ipatikane. Pale mjini kuna chuo cha wavulana, na mtoto wa ndugu wa mumewe alikuwa anakaa kwao huku anasoma hapo chuoni, sasa vitabu vya yule kijana mama anavisoma peke yake, jiometri anaifukuzia ukurasa kwa ukurasa, akishaielewa anaenda kuwafundisha wasichana wake. Jiometri hiyo hajawahi kufundishwa na mtu!

Na hakufundisha kwa kuimba kanuni. Umbo kama koni alilichonga kwenye kiazi au tanipu, mboga ya mzizi, wanafunzi wanaliona na kulishika. Nimejaribu mwenyewe jikoni, na jamani mbona sisi hatukufundishwa hivi? Chonga kiazi kiwe koni halafu kikate sawasawa na kitako, unapata duara. Laza kisu kidogo upite mshazari kutoka ubavu hadi ubavu, linatoka duara lililorefuka, duaradufu lile tulilokuwa tunalichora kwa kukariri bila kujua limetoka wapi. Miaka yote nilidhani mtu alikaa akalitunga.

Sasa hilo la shule binafsi. Mwaka 1819 alipeleka waraka kwa bunge la New York kuomba hela ya umma kwa elimu ya wasichana, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba shule za watu binafsi hazitoshi! Akasema za wavulana zimewekwa na serikali kwa hiyo zinadumu, za wasichana zinategemea mtu mmoja mmoja, leo ipo kesho imefungwa, hazina vyumba wala vifaa vya maana, na mwenye shule hana wa kumwajibisha kwa hiyo anafundisha vya kujionyesha ili wazazi wafurahi. Gavana DeWitt Clinton akamuunga mkono, mama akahamishia shule yake Waterford, kibali cha shule kikatoka, lakini hela? Hamna. Yaani mtu unayemsoma leo kama mwanzilishi wa shule binafsi ndiye aliyeililia serikali mpaka basi. Waliomwokoa ni Troy, baraza la mji lilikubali kuchangisha dola 4,000 kwa kodi ya wananchi jengo linunuliwe, hivyo shule hii ya watoto wa wenye nazo imeanza na kodi ya watu wa kawaida. Halafu 1910 ikahamia kwenye majengo mapya ya mawe, bili ikalipwa na Olivia Sage, mwanafunzi wa zamani aliyerithi utajiri wa mumewe. Huo mzunguko wa pesa peke yake ungetosha kuandikiwa kitabu.

Sisemi mama alikuwa malaika. Kura kwa wanawake hakuipigania, wakati mwanafunzi wake Elizabeth Cady Stanton, aliyemaliza pale 1832, ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa haki za wanawake pale Seneca Falls, New York, 1848 akadai kura waziwazi. Ndo hivyo, ukimfundisha mtu kufikiri huwezi kumpangia afike wapi. Na wazazi wa enzi zile nao vituko, kurasa zenye picha za mwili wa binadamu ilibidi zibandikiwe karatasi nene juu ili watu wasione haya.

Lakini kwa nini Waterford na sio Troy? Kwa sababu hapo Waterford ndipo binti mmoja wa shule alisimamishwa mbele za watu akahojiwa jiometri, na mji ukachafuka. Alijibu vizuri, lakini wapo waliosema kakariri tu, ati mwanamke hajawahi kuielewa jiometri na hawezi. Hapo ndipo nataka kiti changu, mstari wa mbele. Ningemwomba mtahini ageuze mchoro kichwa chini na abadilishe zile herufi za kwenye pembe, A iwe K, B iwe R, maana aliyekariri ukimgeuzia mchoro tu kwisha kazi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Halafu ningegeuka niwaangalie wale wazee waliokaa nyuma.