Theluthi Iliyopotea Njiani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Hapa Malindi natumia programu mbili za hesabu. Ya kwanza hunipa 1/3. Nikiipeleka ya pili naona 0.3333. Tena 3^2, badala ya 9, ilinijia 1! Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo 1 naijua, iliwahi kuninyima usingizi. Katika Python, lugha ya kuandikia programu ambayo huenda programu yako ya pili inaifuata, alama ^ si kipeo. Hulinganisha biti, yaani tarakimu za 0 na 1, za namba mbili, na kwa 3 na 2 jibu ni 1. Kipeo huandikwa **, yaani 3**2.

Baba yangu, fundi wa majahazi Matondoni, aliagiza mbao za dhiraa kumi. Zikaja fupi, maana mkono wa muuzaji haukuwa mkono wake. Nawe umetuma alama, lakini maana yake imebaki nyumbani. Ndiyo sababu naipenda OpenMath, utaratibu wa kupelekeana hesabu kati ya programu: kila ishara hutaja kamusi yake, na kipeo kimo katika kamusi ya arith1.

Theluthi itume kama namba nzima mbili, 1 na 3. Desimali ikishakatwa, hairudi. Na namba nzima zinazozidi 9007199254740992 zitume kama maandishi, kwani programu nyingi zinazosoma JSON, muundo wa maandishi wa kupelekeana data, huzikadiria kimya kimya.