Kupaka mabaka ya kombati kwenye vifaa vya michezo vya plastiki: niliharibu kwanza, ndo nikajua

Maski yangu ya kwanza ya peintiboli (ule mchezo wa kupigana kwa bunduki za hewa zinazorusha vidonge vya rangi) niliyoipaka mabaka ilidumu mechi moja. Moja tu. Nilivorudi nyumbani nikaanza kuifuta matope, mara rangi ikaanza kutoka vipande vipande kama nyoka anajivua gamba, na chini yake ile plastiki nyeusi imetulia inang'aa vilevile kama siku niliyoitoa kwenye boksi. Makopo matatu ya rangi na Jumamosi nzima vikaenda na maji ya sinki.

Tangu hapo nimepaka maski nyingine nne, hopa mbili (lile kopo la juu ya bunduki linalobeba vidonge), pedi za magoti za jamaa zangu na kasha la darubini, na rangi ya maski ya pili mpaka leo ipo. Kwahiyo naandika kama mtu aliyeumia mfukoni, fundi rangi wa kusomea mimi siye.

Kilichoniangusha siku ile mabaka hayakuhusika, mabaka yalikuwa safi kabisa na picha ninazo. Sikujua napaka plastiki gani, basi. Mimi nilidhani plastiki ni plastiki.

Geuza kifaa chako uangalie ndani, mara nyingi kuna kale kapembe tatu kenye namba au herufi zimegongwa. Ukikuta 5 au PP hiyo ni polipropilini, ukikuta 2 au HDPE ni polietilini, na hizo mbili ndo wasumbufu, zina uteleziteleza kama zimepakwa mafuta, rangi inakaa juu yake tu haishiki, ukikunja kidogo inabanduka. Hizo bila praima maalum ya plastiki, ile imeandikwa kabisa kwenye kopo kwamba ni ya kushikisha rangi kwenye plastiki, usijisumbue. Ukikuta ABS umepata bahati, inapokea rangi vizuri sana. Namba 7 maana yake "mengineyo", humo ndo anajificha polikaboneti na wenzake, nae huyu polikaboneti ni mgumu kweli, anapigwa kidonge hatikisiki, ila kemikali kali kama asetoni na thina zinamtia nyufa ndogondogo ambazo saa nyingine huzioni kwa macho. Ukikosa alama yoyote fanya jaribio: paka sehemu ya ndani isiyoonekana, subiri siku mbili, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi umepata jibu kabla hujaharibu kitu kizima. Mimi hilo jaribio ningelifanya mapema ningekuwa na makopo yangu matatu.

Hapohapo niseme kuhusu vitu vya usalama maana hapa sitaki utani. Lenzi ya maski haipakwi, haiguswi na spiriti, haiguswi na chochote zaidi ya maji na kitambaa laini. Maski za huu mchezo huwa zimegongwa ASTM F1776, hicho ndo kiwango cha kinga ya macho ya peintiboli, na lenzi iliyodhoofishwa na kemikali haikuambii kama imedhoofika, utajua siku kidonge kikiingia. Toa lenzi nje kabla hujafungua hata kopo, kama haitoki achana na hiyo maski. Helmeti nayo, ya baiskeli hasa, mimi sipaki. Ile povu nyeupe ya ndani inayeyuka ikikutana na kemikali za rangi, na ganda la nje nalo linaweza kudhoofika bila dalili yoyote. Kama unataka helmeti ya mabaka shona au nunua kifuniko cha kitambaa cha kuvalisha juu, upake hicho kitambaa utakavyo. Mtungi wa hewa wa bunduki nao uache ulivyo, zile alama za ukaguzi lazima zisomeke.

Haya sasa usafi. Plastiki ikitoka kiwandani inakuwa bado na mafuta yale yanayoisaidia itoke kwenye kalibu, na juu ya hayo weka jasho lako, krimu, matope. Osha na sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, sugua na mswaki wa zamani kwenye vitundu vya kupumulia, suuza, acha ikauke kabisa. Afu msasa namba 400 hivi, usikwangue kama unachonga mbao, unataka tu ule mng'ao ufe na plastiki iwe na ukavu fulani ukipitisha kidole. Vumbi la msasa lifute na spiriti (plastiki ikubali kwanza, jaribu ndani), na kuanzia hapo usiishike tena na mikono mitupu, vaa glavu. Alama ya kidole gumba yangu ipo mpaka leo kwenye hopa ya kwanza, pale pale rangi ilipobanduka, ina mistari kabisa kama ya kwenye kitambulisho.

Ziba usivyotaka vipakwe kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, mikanda yote itoe, sponji la usoni litoe. Ukipaka sponji la usoni utanusa rangi mwaka mzima.

Kupuliza kwenyewe ni dakika chache, watu wanadhani ndo kazi yenyewe kumbe ni kama robo tu. Pulizia nje au sehemu yenye hewa inayopita, mbali na moto wa aina yoyote maana gesi inayosukuma rangi kwenye kopo ndo jamii ya ile ya kupikia. Vaa maski ya kemikali yenye vichujio vya mvuke, ile barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Tikisa kopo dakika mbili nzima toka usikie kale kagololi kanaanza kugonga. Umbali sentimita 20 mpaka 30. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye kifaa, pita, achia ukishakivuka, usianzie wala kusimama juu yake maana hapo ndo michirizi inazaliwa. Tabaka la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba plastiki bado inaonekana chini, utatamani kuongeza, usiongeze. Na siku yenye unyevu mwingi hewani ahirisha, rangi inashika ukungu mweupe kama imepakwa unga.

Sa tuje kwenye utamu, mabaka.

Rangi zote ziwe mati, zisizong'aa. Hili halina mjadala. Rangi ya glosi hata iwe kijani cha jani lenyewe, jua likiipiga inametameta na umeonekana toka mwisho wa uwanja. Mimi natumia nne: kaki ya chini, kijani cha zeituni, kahawia, na nyeusi kidogo sana. Makosa ya wengi ni nyeusi kuwa nyingi, ukikaa kichakani uangalie vizuri nyeusi tupu ni chache mno, hata kivuli kina rangi yake.

Anza na rangi isiyokoza ifunike kote, ikauke, ndo uje na zilizokoza juu. Unaweza kukata stensili kwenye karatasi ngumu, ila mimi nimeziacha, kingo zake zinatoka kali mno kama stika. Nachukua majani halisi, matawi membamba, nyasi ndefu, nayaegesha juu ya kifaa afu napuliza kupita juu yake, nayaondoa, nayageuza, narudia na rangi nyingine, ukimaliza unakuta umbo la jani juu ya jani na hakuna hata moja linalofanana na jenzie. Neti ya kufulia nguo ikivutwa juu ya plastiki inatoa kama magamba ya samaki, hiyo tumia sehemu moja mbili tu. Sponji la vyombo lililochanwachanwa nalo ni zuri kwa kulainisha kingo.

Maski yangu ya pili niliipaka vidoti vidogovidogo vizuri sana, ukiwa nayo mkononi unaisifia. Ukisogea hatua 20 ni kitu kimoja cha kijivu-kijani, yani duara la kichwa cha mtu limekaa juu ya kichaka. Mabaka yakiwa madogo jicho linayachanganya yanakuwa rangi moja, na kinachomchoma mtu ni umbo lako kabla hata ya rangi yako. Weka mabaka makubwa mawili matatu yanayovuka kingo, yaanzie kwenye shavu yaishie juu ya paji, yakate mstari wa kidevu, halafu ndo vidogo ndani yake. Huu ujanja ni wa zamani, Ufaransa mwaka 1915 jeshi liliunda kikosi cha wachoraji, watu wa brashi kabisa, kazi yao kuvunja maumbo ya mizinga isionekane. Kingine, sehemu za juu zinazopigwa na jua zipake rangi iliyokoza zaidi, za chini zenye kivuli ziwe na rangi isiyokoza, kama swala alivyo, mgongo kahawia tumbo jeupe. Mchoraji wa Marekani Abbott Thayer alishalieleza hilo miaka ya 1890 huko. Mchezo wenyewe ulianza Juni 1981, New Hampshire, watu 12 wanawindana msituni na bastola zilizotengenezwa kwa kuwekea alama miti na ng'ombe, kwahiyo kujificha ni nusu ya mchezo toka siku ya kwanza.

Ila angalia sheria za ulipo kwanza, kuna nchi kama Barbados na Jamaica raia haruhusiwi kabisa kuvaa mabaka ya kijeshi. Na bunduki ya kuchezea yenye ncha ya rangi ya chungwa, ile ncha usiifunike, ipo ili mtu asidhani umeshika ya kweli.

Kuhusu muda, hapa nilipoteza hopa ya pili. Soma nyuma ya kopo, mengi yanakwambia rudia ndani ya saa moja au subiri siku nzima au mbili, mimi nikarudia baada ya masaa matano hivi kwasababu kwa kidole ilikuwa kavu. Ikakunjamana yote mbele ya macho yangu kama utando wa maziwa yaliyopoa. Tabaka jipya linalainisha la chini ambalo halijaiva, ndo inavyokuwa. Kukauka na kuiva ni vitu viwili. Msasa upya, mwanzo upya.

Tepu ivue rangi ikiwa bado laini kidogo, taratibu, kwa kuikunja irudi nyuma. Ikishakauka kabisa vanishi ya mati, matabaka mawili mepesi, alafu iache wiki nzima bila kuivaa hata kama kuna mechi kesho. Kopo lililobaki ligeuze kichwa chini ubonyeze mpaka itoke gesi tupu, nozeli isizibe.

Baada ya mechi osha kwa maji na sabuni laini, rangi ya vidonge inatoka na maji hata hauhitaji kusugua. Itachubuka pale kidevuni unapoishikia kuivua, yangu inachubuka pale kila baada ya miezi, nachukua jani moja na makopo yaleyale, napuliza kidogo, nayo inakuwa baka jipya.