Neno "mvuvi" lina silabi ngapi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko Kidato cha 5, Masaka. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitutungia ubeti huu tuchambue umbo lake:

Mvuvi yuko ziwani, usiku umemshika,
Upepo uko majini, mtumbwi watikisika,
Mkewe yu mlangoni, taa yake yamulika,
Moyo wake u njiani, hajui atapofika.

Mshororo wa kwanza nimepata mizani (silabi) 14, wa pili 15, wa tatu 14, wa mwisho 16. Je, niandike kwamba ubeti umekosa urari wa mizani? Na nikishahesabu, niseme nini zaidi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ubeti umetimia: kila mshororo una mizani 16, yaani 8 za ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 za utao (kipande cha pili). Ulichoruka ni ile "m". Kwa Kiganda mvuvi ni omuvubi. Kiswahili kimeimeza "u", lakini "m" imebaki na pigo lake, ndiyo maana tunahesabu m-vu-vi, silabi tatu. Vivyo hivyo m-tu-mbwi, m-ke-we, m-la-ngo-ni, u-me-m-shi-ka. Ila "mvua" ni mvu-a, silabi mbili tu, kwa kuwa "m" yake haikutoka kwenye "mu". Usihesabu kwa macho. Soma kwa sauti, polepole, ukipiga kofi kwa kila silabi.

Majina yasikuchukulie muda: mishororo minne ni tarbia, vipande viwili ni mathnawi, vina, yaani silabi za mwisho za vipande, ni -ni na -ka. Mtiririko (vina visivyobadilika katika beti zote) na ukaraguni (vina vinavyobadilika kila ubeti) usivitaje hapa, maana huonekana beti zikiwa zaidi ya mmoja. "Atapofika" ni inkisari, yaani ufupisho, ya "atakapofika". Neno zima lingeleta mizani 9.

Sasa kazi yenyewe. Karatasi nyingi ninazosahihisha huishia kwenye hesabu, na hunisikitisha, kwani utamu ndio kwanza unaanza. Tazama ukwapi: ziwani, majini, mlangoni, njiani. Kina cha -ni hapa ni kiambishi cha mahali, hivyo kila ukwapi unaonyesha mtu au kitu kilipo. Wasiwasi umewekwa kwenye utao. "Usiku umemshika" ni tashihisi: usiku umepewa mikono, na mikono hiyo imemkamata mtu. Halafu hesabu watu badala ya silabi. Mume amepewa mishororo miwili ya juu, mke miwili ya chini, na hakuna hata mmoja unaowakutanisha. Kinachovuka kutoka mlangoni kuelekea ziwani ni moyo wa mke, nao bado u njiani.