Kujiunga na Global Compact: je, kuna cheti?

Swali: Kampuni yetu ina wafanyakazi 60. Mkurugenzi anataka tujiunge na Global Compact ya Umoja wa Mataifa. Tuanzie wapi, na je, tutapata cheti cha kuwaonyesha wateja?

Jibu: Cheti hakuna, na ni vizuri mkurugenzi alijue hilo mapema. Mpango huu, uliozinduliwa mwaka 2000 wakati Kofi Annan akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ni ahadi ya hiari. Umoja wa Mataifa haukagui kampuni wala kuithibitisha. Mnaahidi kufuata kanuni 10 kuhusu haki za binadamu, kazi, mazingira na rushwa. Hiyo ya rushwa iliongezwa mwaka 2004.

Mnaanza na barua ya ahadi kwa Katibu Mkuu, iliyosainiwa na mkuu wa kampuni mwenyewe. Kazi yenyewe hasa ni ripoti ya kila mwaka ya jinsi mnavyotekeleza kanuni hizo. Hapo ndipo kampuni hukwama, kwa kuwa takwimu huanza kutafutwa wiki ya mwisho, na asiyewasilisha hatimaye huondolewa kwenye orodha. Mkabidhini mtu mmoja jukumu hilo tangu mwanzo, akusanye kila mwezi bili za umeme, lita za mafuta, ajali kazini, malalamiko, na tofauti ya mishahara kati ya wanawake na wanaume.

Kuhusu Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, tafadhali msibandike nembo zote. Chagueni mawili matatu yanayoguswa na biashara yenyewe: kiwanda cha nguo kishughulikie kwanza majitaka na ujira, kabla ya kupanda miti.